Taa Inayokwenda Huku na Huku: Ishara za Kivuko cha Reli na Maana Yake kwa Mkazi

Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, treni iligonga basi lililokuwa likivuka reli eneo la Morendat, Naivasha, na watu wanane wakapoteza maisha. Haikuwa mara ya kwanza kwa msiba wa aina hiyo kutokea nchini. Mwezi Oktoba 2013, watu wasiopungua 11 walifariki jijini Nairobi baada ya basi kugongwa na treni kwenye kivuko cha Mutindwa.

Kueleza kilichosababisha ajali ni kazi ya wachunguzi, na makala haya hayaingilii kazi hiyo. Yanachoeleza ni ishara ambayo dunia nzima imeizoea kama onyo la treni: taa nyekundu inayokwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kando ya reli. Ilianzaje, inajuaje kwamba treni inakuja, na mkazi afanye nini mahali ambapo taa hiyo haipo. Swali hilo la mwisho ndilo linalowagusa wakazi wengi zaidi, kwa sababu vivuko vingi vya reli ya zamani havina taa, kengele wala kizuizi.

Reli hiyo, yenye mita moja kutoka chuma hadi chuma, ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Katika Kaunti ya Nakuru inapita Naivasha, Gilgil na jijini Nakuru, kisha inagawanyika. Tawi moja linaelekea Njoro, Elburgon na Molo hadi Kisumu, na jingine linapita Rongai kuelekea Eldoret na Malaba. Ilipojengwa, aliyevuka reli alikuwa mtu wa miguu, mifugo, au mkokoteni wa maksai. Leo miji imesogea hadi kwenye mataruma. Wapo wenye vibanda hatua chache tu kutoka kwenye chuma, na wapo watoto wanaovuka reli mara mbili kila siku ya shule.

Wengine huamini kwamba reli hii imelala. Haijalala. Treni ya abiria ilirejea Kisumu mwezi Desemba 2021 baada ya miaka ya ukimya, na mizigo inayofika bandari kavu ya Naivasha kwa reli ya SGR huhamishiwa kwenye mabehewa ya reli ya zamani ili kuendelea na safari hadi Malaba. SGR yenyewe ilijengwa ipite juu au chini ya barabara, kwa hivyo dereva hakutani nayo uso kwa uso. Reli ya zamani ndiyo inayokutana na barabara kwenye usawa mmoja. Tena treni zake hazipiti kila saa, na hapo ndipo hatari inapojificha: anayevuka mara mia bila kuona treni huacha kuangalia kabisa.

Mlinzi mwenye taa mkononi

Kabla ya mashine, kivuko kililindwa na mtu. Mchana alishika bendera nyekundu, usiku alishika taa ya mafuta, na treni ilipokaribia alisimama katikati ya barabara akiipungia mkono huku na huku. Kwenye baadhi ya vivuko nchini mlinzi mwenye bendera bado yupo.

Kupunga huko hakukuwa mbwembwe. Usiku, taa nyekundu iliyotulia yaweza kuwa taa ya nyuma ya mkokoteni, taa ya duka, au taa ya nyumba ya mtu mwenye pazia jekundu. Taa inayopepea kutoka upande hadi upande haiwezi kuwa kitu kingine. Kuna mtu nyuma yake, na mtu huyo anasema simama.

Mwanzoni mwa karne iliyopita magari yaliongezeka kwa kasi kusini mwa California, Marekani, eneo lililokuwa na mtandao mkubwa wa treni za umeme za kampuni ya Pacific Electric. Kuweka mlinzi usiku na mchana kwenye kila kivuko kuligharimu pesa nyingi, na mlinzi ni binadamu. Anachoka, anasinzia, anakwenda haja. Mwaka wa 1909 mhandisi wa kampuni hiyo, Albert Hunt, alibuni kifaa cha kuchukua nafasi yake. Kilikuwa na sahani ya chuma yenye rangi nyekundu, pana kiasi cha sinia ya kupakulia wali, iliyoning'inizwa kwenye mkono wa chuma kama pendulo ya saa ya ukutani. Katikati ya sahani palikuwa na taa nyekundu. Sumaku mbili za umeme ziliwekwa pembeni, moja kila upande. Treni ilipokaribia, sumaku ya kushoto iliuvuta mkono, ikaachia, ya kulia ikauvuta, nayo ikaachia, na sahani ikabembea hivyo hivyo huku kengele ikilia hadi treni ipite.

Watu walikiita kifaa hicho wigwag, na watengenezaji wake walikipa jina linaloonyesha wazi walichokusudia: mshika bendera wa sumaku. Hunt hakubuni ishara mpya. Aliuchukua mkono wa mlinzi ambao kila dereva alikwisha kuufahamu, akauwekea umeme. Huenda ndiyo sababu hapakuhitajika mtu wa kuwafundisha madereva maana yake.

Kifaa hicho kilikuwa na udhaifu wake. Kitu kinachobembea huchakaa, na sumaku za kubembeza chuma kizito hula umeme mwingi. Kufikia katikati ya karne iliyopita kilikuwa kimepokonywa nafasi na taa mbili nyekundu zilizosimama bega kwa bega zikiwaka kwa zamu, na leo vimebaki vichache mno. Hata hivyo jina halikupotea. Waingereza hadi leo huziita taa mbili za kivuko chao wig-wag, ingawa hakuna kinachobembea tena.

Kwa nini isiwake tu ikatulia

Jicho la binadamu haliangalii sawasawa kila mahali. Katikati linaona vizuri herufi, nyuso na rangi. Pembeni haliwezi kusoma chochote, ila ni hodari wa kunasa kitu kinachosogea au kumetameta. Dereva wa matatu anayeangalia abiria aliyesimama kando ya barabara mbele yake, huku kivuko kikiwa upande wa kulia, huenda asiione taa iliyotulia. Taa inayoruka huku na huku itamvuta ageuze macho kabla hata hajajua ni kwa nini.

Taa mbili zinazopokezana humpa dereva mwendo ule ule wa sahani ya zamani bila kitu chochote kusogea. Mwaka wa 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer, akifanya utafiti wake Frankfurt, Ujerumani, alieleza jinsi mianga miwili iliyo karibu, ikiwaka moja baada ya nyingine kwa muda unaofaa, inavyoonwa na ubongo kama mwanga mmoja unaohama. Sinema na matangazo ya taa za mapambo hutegemea jambo hilo hilo.

Kuna faida nyingine ambazo hazionekani haraka. Taa moja inayowaka na kuzima huwa na sekunde za giza, na dereva akitupa jicho wakati huo ataona kivuko hakina onyo. Taa mbili zikipokezana, daima moja inawaka. Balbu moja ikiungua, nyingine huendelea kuwaka na kuzima peke yake. Naye mtu asiyeitofautisha vyema rangi nyekundu na kijani, na wapo wengi hasa wanaume, bado ataona kwamba kitu kinaruka kushoto na kulia. Katika kanuni za Marekani, kila taa huwaka kati ya mara 35 na 65 kwa dakika, yaani karibu mara moja kwa sekunde. Mkataba wa kimataifa wa Vienna wa mwaka wa 1968 kuhusu alama za barabarani nao unaitambua taa nyekundu inayowaka na kuzima, au mbili zinazopokezana, kama amri ya kusimama kwenye kivuko cha reli.

Hapa pana jambo la kusema kuhusu magari yetu wenyewe. Matatu na magari ya kibinafsi yanayofungwa taa nyekundu na buluu za kumetameta, za kuwaka kwa zamu mbele na nyuma, yanaharibu lugha hii. Ambulensi, zimamoto na polisi wamepewa taa hizo ili dereva akiziona asijiulize mara mbili. Zikiwa kwenye kila gari la sherehe na kila matatu yenye muziki, jicho huzizoea, na jicho lililozoea haliamki hata onyo la kweli linapowaka.

Reli yenyewe ndiyo swichi

Taa ya kivuko hujuaje kwamba treni iko njiani? Wengi hudhani kuna mtu stesheni anayebonyeza kitufe. Kwa kawaida hakuna. Njia iliyotumika zaidi duniani ni ile aliyoibuni Mmarekani William Robinson mwaka wa 1872, nayo ni rahisi kuielewa.

Kipande cha reli kabla na baada ya kivuko hutenganishwa kwa umeme na reli nyingine. Upande mmoja wa kipande hicho huwekwa betri yenye nguvu ndogo, na upande wa pili swichi ya sumaku ambayo mafundi huiita rilei. Mkondo wa umeme hupita kwenye chuma cha kushoto, ukaishika rilei isianguke, kisha ukarudi kwa chuma cha kulia. Rilei ikiwa imeshikwa, taa za kivuko hubaki zimezimwa. Treni ikiingia kwenye kipande hicho, magurudumu yake ya chuma na ekseli zake huunganisha chuma cha kushoto na cha kulia. Umeme huchukua njia hiyo ya mkato kupitia ekseli, rilei inakosa nguvu, inaanguka, na kwa kuanguka kwake taa zinawaka. Siku hizi zipo pia mashine zinazohesabu ekseli zinazoingia na kutoka, na treni ikisomwa kuwa imeingia lakini haijatoka, onyo huendelea.

Uzuri wa mpango wa Robinson ni kwamba umeme hautumiki kuleta onyo. Unatumika kulizuia. Betri ikiisha nguvu, waya ukikatika, chuma cha reli kikivunjika, rilei huanguka kana kwamba treni imefika, na taa zinawaka. Kosa huelekea upande wa usalama. Kwa hivyo taa zinazowaka muda mrefu bila treni kuonekana hazipaswi kupuuzwa kwa maneno "imeharibika hiyo". Huenda ni treni inayokwenda polepole. Huenda ni waya uliokatwa. Huenda pia ni reli iliyovunjika, na hiyo ni habari ambayo shirika la reli linahitaji kuipata mara moja.

Lakini kinga hii ina mipaka. Balbu zenyewe zikivunjwa kwa mawe, au betri inayowasha taa ikiibwa, rilei inaweza kuanguka na taa isiwake. Ndiyo maana taa iliyozimika si ruhusa ya kupita. Taa inayowaka inasema treni inakuja. Taa iliyozimika haisemi kwamba haiji. Wizi wa nyaya na vyuma nao si hadithi. Mwezi Januari 2022 serikali ya kitaifa ilisitisha kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu kote nchini kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Anayenunua waya wa shaba asiouliza umetoka wapi huenda ananunua onyo la kivuko ambacho mwanawe hupitia akienda shule.

Sekunde ambazo dereva anazo

Onyo hudumu muda gani kabla ya treni kufika? Kanuni za Marekani zinataka lisipungue sekunde 20. Muda huo unatosha kabisa kwa gari dogo lililo njiani kumaliza kuvuka. Kwa gari refu, hesabu hubadilika.

Chukua lori na trela lake, jumla ya mita 17, kwenye kivuko ambacho kutoka mstari wa kusimama upande huu hadi mahali salama upande wa pili ni mita 10. Ili mkia wa trela uwe salama, lori lazima lisogee mita 27. Likienda mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, litatumia karibu sekunde 20. Upande wa pili, treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata mita 330 na zaidi katika muda huo huo. Dereva wa lori anayeanza kuvuka wakati taa zimeanza kuwaka, kwa mwendo huo, anakimbizana na treni kwa mizani iliyo sawa.

Uingereza iliijua hesabu hiyo kwa uchungu. Tarehe 6 Januari 1968, gari maalumu lenye urefu wa mita 45 hivi lilikuwa limebeba transfoma ya tani 120 katika kijiji cha Hixon. Lilikuwa likisindikizwa na polisi. Kivuko cha hapo kilikuwa cha kisasa kwa wakati huo, chenye taa za kupokezana na vizuizi vya nusu barabara vinavyojishusha vyenyewe, na palikuwa na simu ya kumpigia mtu wa ishara. Hakuna aliyeipiga. Gari likaingia kivukoni kwa mwendo wa kutambaa, mwendo ambao ungelihitaji takriban dakika nzima kumaliza. Sekunde 24 baada ya treni kuziwasha taa, treni yenyewe ilifika, na watu 11 wakafa. Taa hazikukosea hata kidogo. Zilifanya hasa kile zilichoundwa kufanya, ila zilikuwa zimepimwa kwa magari ya kawaida. Baada ya msiba huo vivuko vya aina hiyo viliongezewa taa ya manjano inayotangulia nyekundu, na mabango makubwa ya kuwaambia madereva wa magari marefu au ya polepole wapige simu kwanza.

Treni haiwezi kusaidia katika mashindano haya. Gurudumu la chuma juu ya chuma lina mshiko mdogo, na ndiyo sababu injini moja huweza kuvuta uzito mkubwa kiasi kile. Lakini sababu hiyo hiyo hufanya breki zichukue muda. Treni ndefu ya mizigo yaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi ili isimame. Dereva wake akiliona basi kwenye kivuko mita 300 mbele, anaweza kupiga honi na kufunga breki, na baada ya hapo amebaki kuwa shahidi. Macho nayo humdanganya aliye barabarani, kwani kitu kikubwa kinachokuja huonekana kama kinakwenda polepole kuliko mwendo wake wa kweli.

Pasipo na taa

Kwenye kivuko kisicho na taa, kazi ya mlinzi wa zamani inamwangukia anayevuka. Alama ya barabarani yenye picha ya injini ya treni ndani ya pembetatu humtahadharisha kwamba kivuko kiko mbele na hakina kizuizi. Akifika, asimame kabisa. Azime muziki, ateremshe kioo, aangalie pande zote mbili, kisha aangalie tena upande wa kwanza. Kwa matatu na mabasi ya shule, utaratibu bora ni utingo ashuke, aende hadi kwenye reli, aangalie, ndipo aliite gari. Dakika moja inayopotea hapo haimnyimi mwenye matatu safari. Mwendesha bodaboda atoe vidude vya masikioni kabla ya kufika relini, na abiria wake ana haki ya kumwambia asimame.

Asivuke mtu yeyote kabla ya kuona nafasi ya gari lake lote upande wa pili. Foleni ya soko au ya lori lililokwama mbele ndiyo inayowafungia watu juu ya reli. Gia ichaguliwe kabla ya kuvuka, kwa sababu kuibadilisha juu ya chuma ndipo injini inapozima. Trela zenye tumbo la chini ziwe makini zaidi kwenye vivuko vilivyoinuka katikati, kwani tumbo linaweza kukwama. Na stesheni zenye reli zaidi ya moja, treni moja ikipita isichukuliwe kwamba ndiyo ya mwisho; nyuma yake huenda nyingine inakuja kwa reli ya pili.

Wakazi huuliza ni nani anayepaswa kuweka taa hizi. Jedwali la Nne la Katiba liliacha reli mikononi mwa serikali ya kitaifa, kwa hivyo ishara za reli ni jukumu la Shirika la Reli la Kenya. Barabara inayoivuka reli inaweza kuwa ya KeNHA, KURA au KeRRA, na ikiwa ni barabara ya kaunti, basi ni ya serikali ya kaunti. Kwenye barabara za kaunti kuna mambo yasiyongoja taa: matuta ya kupunguza mwendo, alama zinazoonekana, kichaka kinachoziba reli kikatwe, na changarawe isawazishwe ili gari lisikwame. Mkazi anayetaka kazi hiyo ifanyike kwake aipeleke kwa msimamizi wa wadi na aisimamie katika vikao vya ushiriki wa umma, mapema, kwa maana makadirio ya bajeti hupaswa kufika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka. Pendekezo linalotaja kivuko kwa jina, lenye picha ya kichaka chenyewe, hufuatiliwa kwa urahisi kuliko lalamiko la jumla kwamba barabara ni mbaya.

Gari likikwama

Gari likizima juu ya reli, wa kwanza kutoka ni watu. Kila mtu ashuke papo hapo na mizigo iachwe. Wakimbie mbali na reli, lakini waelekee upande ambao treni inatokea, wakiiacha reli kwa pembeni. Hilo huwashangaza wengi, ila lina sababu: treni ikiligonga gari, vipande hurushwa mbele, kule treni inakoelekea, na anayekimbilia huko hukutana navyo. Watu wakishakuwa salama, polisi wapigiwe kwa 999 au 112, na stesheni iliyo karibu ijulishwe kwa njia yoyote ya haraka. Kujaribu kulisukuma gari kufanyike tu ikiwa reli inaonekana tupu mbali pande zote mbili, na mtu mmoja amebaki akiangalia.

Watu wawili watumwe, mmoja kila upande wa reli, waende mbali wawezavyo, kilomita moja ikiwezekana, wakitembea kando ya reli wala si katikati yake. Mchana wabebe kitambaa, chekundu kikipatikana. Leso, shuka au fulana inatosha. Usiku wabebe tochi, hata ya simu. Treni ikionekana, wasimame pembeni pa reli na kukipunga kitu hicho kwa nguvu, kutoka upande mmoja wa mwili hadi wa pili, bila kuacha. Katika kanuni za reli zilizotokana na za Uingereza, taa au kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu namna hiyo, hata kikipungwa na mtu asiye mfanyakazi wa reli, dereva wa treni hukichukua kuwa ishara ya hatari na kufunga breki. Aendelee kupunga hadi treni isimame, au impite.